Wajibu wa Kunena: Dhana ya Haki katika Ushairi wa Gerezani wa Kiswahili

Diwani ya Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla ilipochapishwa mjini Nairobi mwaka 1973, mtunzi wake alikuwa ametoka kifungoni mwaka mmoja tu uliotangulia. Tangu hapo diwani hiyo imesomwa kwa njia mbili kuu. Wapo wanaoutazama ufundi wake wa vina, mizani na lahaja ya Kimvita, wakamhesabu mtunzi miongoni mwa warithi wa Muyaka bin Haji. Na wapo wanaoitazama kama ushahidi wa mtu aliyefungwa kwa ajili ya maoni yake, wakaiweka katika fungu linaloitwa fasihi ya haki za binadamu, pamoja na maandishi ya gerezani ya Wole Soyinka, Dennis Brutus, Jack Mapanje na Ngũgĩ wa Thiong'o. Njia zote mbili zina manufaa yake. Hata hivyo hii ya pili, ambayo ndiyo inayotawala sasa, ina kasoro moja: inachukulia kwamba mshairi aliyefungwa kwa kunena lazima awe anadai haki ya kunena. Msomaji akiisoma diwani yenyewe, badala ya kusoma habari za diwani, atashangaa jinsi dai hilo lilivyo adimu humo. Mtunzi haombi aruhusiwe kusema. Anasema kwamba alikuwa hana budi kusema.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Haki ni kitu ambacho mwenyewe anaweza kukiacha. Mwenye haki ya kunena anaweza pia kunyamaza, na hapana atakayemlaumu. Mwenye wajibu hana hiari hiyo. Mhakiki anayeigeuza Sauti ya Dhiki kuwa ombi la uhuru wa maoni anaipunguza makali, na zaidi ya hayo anamwondolea msomaji lawama ambayo mashairi hayo yanamtupia. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi haki inavyoeleweka katika diwani hiyo, kisha kuilinganisha na maandishi ya Alamin Mazrui, ambaye alinyang'anywa uhuru wake kwa sheria ya aina nyingine na akaitazama haki kwa jicho jingine.

Neno lenyewe

Neno haki liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, nalo lilikuja na mzigo wake wote. Huko lilikotoka lina maana ya ukweli, ya jambo lililothibiti, na ya stahili ya mtu. Na katika itikadi ya Kiislamu ni miongoni mwa majina ya Mwenyezi Mungu. Kiswahili hakikuuangusha mzigo huo njiani. Anayeapa kwa haki ya Mungu anathibitisha ukweli wa kauli yake. Mrithi anayedai haki yake anataka fungu lake la shamba. Mwamuzi asiyetenda haki ni yule anayependelea. Isitoshe, kwa kuwa neno hili halibadiliki katika umoja na wingi, msemaji wa Kiswahili halazimiki kuchagua baina ya haki kama uadilifu na haki kama orodha ya madai ya mtu. Kiingereza na Kifaransa vina maneno mawili kwa mambo hayo. Mfasiri wa Kilio cha Haki, mchezo wa Mazrui, hana budi kuamua ni kilio cha lipi kati ya mawili hayo. Msomaji wa Kiswahili hupata yote kwa mpigo mmoja. (Yafaa kutanabahisha kwa kupita kwamba hakimu na mahakama hayatokani na mzizi huo, bali na mzizi mwingine wa Kiarabu wenye maana ya kuamua na kutawala. Ni sikio la Mswahili lililoyafanya kuwa ndugu wa haki, na pengine sikio hilo lilikuwa na matumaini kupita kiasi.)

Methali ya mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni hunukuliwa mara nyingi bila ya kutazamwa kwa makini. Vitenzi vyake viwili vimeelekezwa kwa watu wengi, nao ni watu wenye nguvu: wanaweza kumnyonga mtu, na wanaweza kumpa chake. Mnyonge mwenyewe hasemi neno. Hadai, halalamiki, wala haulizwi maoni. Lakini haki yake ipo kabla ya kupewa, na ndiyo maana ikaitwa yake. Mzigo wote wa methali umewekwa juu ya wale wanaoambiwa. Na mchezo wa sauti baina ya mnyonge na mnyongeni ni wa kikatili kwa makusudi. Hata yule mnayemdharau kiasi cha kutaka kumnyonga, deni lenu kwake liko palepale.

Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Binadamu, lililopitishwa mjini Paris tarehe 10 Desemba 1948, linaanzia upande wa pili. Vifungu vyake, kikiwemo cha 19 kinachohusu uhuru wa maoni na wa kuyaeleza, vinamtaja kila mtu na kitu alicho nacho. Anayedaiwa hutajwa kwa nadra. Uamuzi huo haukukosa upinzani wakati ule. UNESCO ilipokuwa ikikusanya maoni ya wanafalsafa na viongozi mwaka 1947, Mohandas Gandhi alimjibu mkurugenzi wake, Julian Huxley, kwa barua fupi iliyosema kwamba haki zote zinazostahili kuwako hutokana na wajibu uliotimizwa vyema, na kwamba jambo hilo alijifunza kwa mama yake ambaye hakujua kusoma. Barua hiyo kwa kawaida hutajwa kama kioja cha mzee. Msomaji wa ushairi wa Kiswahili hataiona hivyo.

Shtaka la maneno

Abdilatif Abdalla alizaliwa Mombasa mwaka 1946. Mwezi Agosti 1968, katika uchaguzi wa mabaraza ya miji na wilaya, wagombea wa chama cha upinzani cha Kenya People's Union walikataliwa kwa wingi kwa kisingizio kwamba fomu zao hazikujazwa ipasavyo. Baadaye mwaka huohuo kilisambazwa kijikaratasi cha Kiswahili chenye anwani Kenya: Twendapi? Mtunzi alishtakiwa kwa uchochezi, akahukumiwa mwaka 1969, na akatoka mwaka 1972 baada ya kutumikia kifungo cha miaka mitatu, sehemu kubwa yake katika upweke. Aliandika mashairi yake kwa siri, kwenye karatasi za chooni. Chama chenyewe kilipigwa marufuku mwezi Oktoba 1969.

Anwani ya kijikaratasi ni swali. Jambo hilo limetajwa mara nyingi, lakini uzito wake wa kifasihi haujapimwa. Sheria ya uchochezi ambayo Waingereza waliieneza katika makoloni yao haikujishughulisha na uwongo au ukweli wa maneno. Ilijishughulisha na chuki ambayo maneno yangeweza kuiamsha dhidi ya serikali. Kwa hiyo swali lingeweza kuwa kosa sawa na kauli. Ilikuwa ni sheria ya aina hiyo iliyomfunga Bal Gangadhar Tilak nchini India mwaka 1897 na tena mwaka 1908, na ikamfunga Gandhi mwaka 1922. Gandhi hakujitetea kwamba alikuwa na uhuru wa kusema. Alikiri shtaka, akaiambia mahakama kwamba kutoshirikiana na uovu ni wajibu wa mtu kama ulivyo wajibu wake kushirikiana na wema. Kenya huru iliirithi sheria hiyo pamoja na majengo ya magereza, na haikuifuta mpaka mwaka 1997. Uingereza yenyewe iliifuta kwa England na Wales mwaka 2009.

Ni katika muktadha huu ndipo shairi la "Kuno Kunena" lisomwe. Nalo pia limejengwa juu ya swali. Nafsi-neni inauliza inakuwaje kunena kwake kumemfungia mahali alipo, na neno kuno linazungushwa mpaka msikilizaji asijue vizuri ni kunena ndiko kulikomfunga au ni huku kufungwa ndiko kunakomnenesha. Baadhi ya wasomaji hulichukulia shairi hili kuwa la majuto au la mshangao wa kijana aliyefikiri kwamba angesamehewa. Usomaji huo haukubaliki. Mtu anayejuta huuliza kwa nini alinena. Nafsi-neni hii inauliza kwa nini amefungwa. Swali linarudishwa kwa mfungaji, na kwa kuwa linarudishwa kwa namna ileile ya kijikaratasi, yaani kwa kuuliza, kosa linarudiwa mbele ya macho ya mlinzi.

"N'shishiyelo ni Lilo" na "Siwati" ndiyo mashairi yanayobeba msimamo wa diwani, na hapa lahaja inafanya kazi ambayo Kiswahili sanifu hakiiwezi. Mzizi wa n'shishiyelo ni kitenzi shika, kikiwa katika hali timilifu ya lahaja za kaskazini: shishiye. Hali hii inaeleza tendo lililokwisha kutendeka ambalo matokeo yake bado yapo. Mtu n'shishiye ni mtu aliyekishika kitu zamani na mpaka sasa kimo mkononi mwake. Anayetaka kulisema hilo kwa Kiswahili sanifu atalazimika kuchagua baina ya nililolishika, ambalo huenda ameliachilia, na ninaloshikilia, ambalo huenda amelishika jana. Mashairi haya yanahitaji yote mawili kwa pamoja: kwamba uamuzi ulifanywa kabla ya gereza, na kwamba gereza halikuulegeza. Siwati, kwa upande wake, ni kukanusha kwa wakati usio na mpaka. Neno hili linapopigwa tena na tena mwanzoni mwa mishororo, halikusudiwi kumshawishi mtu. Mtu hatoi hoja kwa kurudia neno moja. Anaapa.

Na kinachoshikwa ni nini? Ni kweli. Hapana budi kulisisitiza hili, kwa kuwa wahakiki wengi huandika "msimamo", "itikadi" au "maoni". Maoni ni mali ya mwenye kuyatoa, na ndiyo maana sheria za kimataifa huyalinda kama mali yake. Kweli si mali ya mtu. Aliyeishika ameishikia wengine, kama amana, na amana hairuhusiwi kuachwa njiani kwa sababu imekuwa nzito. Ndiyo maana nafsi-neni ya mashairi haya haijisifu kwa ushujaa. Inajieleza kama mtu asiye na njia nyingine.

Wasioweza kunena

Mikusanyo ya vitabu vya shule na vya vyuo huchagua kutoka diwani hii mashairi yaleyale: "Siwati", "Mamba", "Jipu". Machache hulitaja "Usiniuwe!", na wale wanaoiheshimu diwani kwa sababu za haki za binadamu hulikwepa zaidi kuliko wengine. Sababu haihitaji kutafutwa mbali. Katika shairi hilo mimba inamsihi mama yake asiitoe, na suala hilo limewagawa watetezi wa haki duniani kote. Hata hivyo, msomaji awe na maoni yoyote kuhusu suala lenyewe, shairi hilo ni ufunguo wa kuielewa diwani. Mfungwa aliyenyang'anywa nafasi ya kusema anatumia kalamu yake ya wizi kumsemea kiumbe ambaye hana ulimi kabisa. Huyu ndiye mnyonge wa methali katika hali yake ya mwisho. Hapa inadhihirika kwamba kwa mtunzi huyu haki haimwanzii yule anayeweza kuidai. Inamwanzia yule asiyeweza, na kwa hiyo kunena kunakuwa deni la kila mwenye ulimi. Kumsoma Abdalla wa "Siwati" na kumwacha Abdalla wa "Usiniuwe!" ni kuchukua tawi na kuacha mzizi.

"Mnazi: Vuta n'Kuvute" unalifikisha jambo hili mahali pengine. Alii na Badi wanagombea mnazi mmoja, na shairi ni majibizano yao. Wapo waliolifungua fumbo hili na kulipa majina ya nchi na vyama, na huenda wamepatia. Lakini kabla ya fumbo kufunguliwa kuna umbo lake. Majibizano ni bahari ya kale ya ushairi wa pwani, na kanuni yake ni kwamba kila upande hupata zamu yake ya kusema, na upande wa pili hulazimika kuyajibu yaliyosemwa. Mtunzi ambaye chama alichokiunga mkono kilizuiwa hata kupeleka majina ya wagombea wake, amekaa gerezani akaandika shairi ambalo hata mgomvi asiye na haki anapewa beti zake. Zipo tenzi nyingi za kisiasa katika Kiswahili. Ni chache zilizo na adabu hiyo.

Vina, mizani na ukuta

Kichomi ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1974, mwaka mmoja baada ya Sauti ya Dhiki, na mgogoro wa ushairi uliofuata uliwashughulisha wahakiki kwa miongo miwili. Katika mabishano hayo diwani ya Abdalla ilitumiwa na wanamapokeo kama hoja kwamba vina na mizani vinaweza kubeba maudhui ya kisasa. Hoja hiyo ni ya kweli lakini ni nyonge. Ilivyo hasa ni kwamba katika gereza arudhi ina kazi ambayo haina mahali pengine. Karatasi hunyakuliwa katika upekuzi. Shairi lenye kina cha kati na cha mwisho, na mizani isiyoyumba, lina kinga dhidi ya upekuzi huo: silabi ikipotea pengo lake husikika, na kina humwongoza mwenye kukumbuka mpaka kwenye neno lililopotea. Irina Ratushinskaya, mshairi aliyehukumiwa katika Muungano wa Kisovieti mwaka 1983, alikuwa akichora mashairi yake kwa kijiti cha kiberiti juu ya sabuni, akayahifadhi moyoni, kisha akanawa mikono. Hakuwahi kuhitaji kuelezwa kwa nini mshairi wa wakati wake angependelea vina.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na mfano wake mwenyewe tangu zamani. Katika kisa cha Fumo Liyongo, ambacho Muhammad Kijumwa alikitungia utenzi mwaka 1913, shujaa yumo kifungoni na kijakazi wa mama yake ndiye anayemletea chakula. Liyongo anamtuma kijakazi kwa maneno ya kishairi ambayo walinzi wanayasikia na hawayaelewi; mama anayafumbua, anaoka mkate wa wishwa na kutia tupa ndani yake; na ngoma iliyoombwa na mfungwa inafunika sauti ya chuma kinachokatwa. Katika kisa hicho shairi halilalamikii kifungo. Ndilo linalokikata. "Mamba" wa Abdalla ni wa ukoo huo: mtunzi anatangaza waziwazi kwamba anafumba, na kwamba ufumbuzi ni juu ya wenye uwezo. Mamba aliyetakabari mtoni hatajwi jina, naye mlinzi anayetaka kulichukua shairi kama ushahidi itambidi kwanza akiri kwamba amemtambua.

Mtu wa kizuizini

Alamin Mazrui alikuwa mhadhiri alipokamatwa mwaka 1982. Mwezi Juni mwaka huo Bunge la Kenya lilikuwa limeifanya nchi kuwa ya chama kimoja kwa mujibu wa katiba, na wahadhiri kadhaa walikamatwa, akiwemo Willy Mutunga ambaye miaka 29 baadaye, mwaka 2011, alikuja kuwa Jaji Mkuu. Mazrui hakushtakiwa kwa lolote. Aliwekwa kizuizini. Mashairi ya kipindi hicho yalitoka mwaka 1988 katika diwani ya Chembe cha Moyo.

Wahakiki huwataja Abdalla na Mazrui kwa pumzi moja, na tofauti ya hali zao kisheria haipewi nafasi. Inafaa ipewe. Aliyeshtakiwa, hata kwa sheria mbovu, ana shtaka, ana siku ya hukumu na ana siku ya kutoka. Anajua ni neno gani lililomfunga, na anaweza kulisimamia. Ushairi wa Abdalla una umbo la mtu anayesimama kizimbani na kukataa kuifuta kauli yake. Mtu wa kizuizini hana kizimba. Hapana kauli aliyoambiwa aifute, na hapana tarehe ya kuhesabia. Jack Mapanje alikaa Mikuyu, Malawi, tangu mwaka 1987 hadi 1991 bila ya kushtakiwa. Ushairi wa watu hawa haujibu, kwa kuwa haukuulizwa. Unatafuta wa kusemeshwa. Si ajabu basi kwamba Mazrui, ambaye anazimudu arudhi, anaziacha mara kwa mara katika Chembe cha Moyo na kufuata mkondo huru, mishororo ikirefuka na kukatika bila ya kungojea kina. Mgogoro wa ushairi ungelikuwa na faida zaidi laiti mmojawapo wa washiriki wake angeliuliza ni gereza la namna gani linazaa umbo gani.

Mchezo wa Kilio cha Haki, ulioandikwa kabla ya kizuizi na kuchapishwa mwaka 1981, unaonyesha pia kwamba Mazrui aliianza safari yake mahali pengine. Lanina, mwanamke, anawaongoza wafanyakazi wa shamba la Delamon kudai stahili zao, na anakabiliwa na tajiri pamoja na wanaume wa upande wake ambao hawaamini kwamba mwanamke aongoze. Hapa mnyonge wa methali amechoka kungoja apewe. Hamna tena wa kusemewa. Walio wengi wanasema wenyewe. Hili ndilo pengo la Sauti ya Dhiki. Mtu wa Abdalla ni mmoja, ana dhamiri, na yuko peke yake na kweli yake. Wapagazi wa bandarini na vibarua wa mashamba ya mkonge, ambao kwa ajili yao chama kile kilidai kuwapo, hawasikiki humo kama kundi. Mchezo wa Mazrui nao una hasara yake. Mazungumzo ya wafanyakazi yanateleza mara kwa mara katika lugha ya mihadhara, na msomaji anamsikia mwandishi akimsogezea mhusika maneno. Lakini Lanina anapogeuka kuwakabili wenzake, mchezo unapata nguvu ambayo hauipati dhidi ya Delamon, kwa kuwa hapo haki inadaiwa kwa watu wanaodhani kwamba wao ni wadai.

Haini ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 2003, inashughulikia kamatakamata ya Zanzibar baada ya kuuawa kwa Abeid Karume tarehe 7 Aprili 1972, na inastahili makala yake yenyewe. Itoshe kusema hapa kwamba riwaya hiyo inalichukua tatizo la unenaji na kulipindua: katika mateso, anayeshikilia haki ni yule anayekataa kunena, maana neno linalotakiwa kwake ni uwongo kuhusu mwenzake. Kanuni ya kweli kama amana haibadiliki. Kinachobadilika ni nani anayeuliza.

Wajibu mikononi mwa mtawala

Yupo atakayepinga kwamba lugha ya wajibu ni ya hatari, na upinzani huo una uzito. Mwezi Juni 1981, mjini Nairobi, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipitisha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na za Watu. Mkataba huo unatofautiana na azimio la mwaka 1948 kwa kuwa umetenga vifungu vya wajibu wa mtu binafsi, na miongoni mwake umo wajibu wa kutohatarisha usalama wa dola. Mwaka mmoja baadaye wahadhiri walikuwa kizuizini katika nchi hiyohiyo, na usalama wa dola ndio uliokuwa sababu. Watawala wa Afrika na wa Asia wamelipenda neno wajibu kwa sababu hiyo: kwao ni kamba ya kumfunga raia. Wanaotahadhari nalo hawakukosea.

Lakini wajibu wa Sauti ya Dhiki haumwelekei mtawala. Unapita juu yake. Mtunzi anadaiwa na kweli, na kwa kuwa anadaiwa na kweli, hakuna amri ya serikali inayoweza kumsamehe deni hilo wala kumzuia kulilipa. Ukiuchunguza kwa makini, ni msingi mgumu zaidi kwa dola kuliko haki yenyewe. Haki ya kunena katika Katiba ya Kenya ya mwaka 1963 ilitolewa kwa sentensi moja na kupunguzwa kwa sentensi zilizofuata. Abdalla alihukumiwa katiba hiyo ikiwa inafanya kazi. Kifungu cha 33 cha Katiba ya mwaka 2010 ni kipana zaidi, ingawa nacho kina mipaka yake. Vyote viwili vinamlinda anayetaka kusema. Hakuna katiba inayomsumbua anayenyamaza, na pengine haifai kuwepo. Kazi hiyo imeachiwa fasihi.

Mwaka 1974 Sauti ya Dhiki ilitunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Tuzo ilikuwa na jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtunzi, na rais huyo alikuwa bado madarakani. Jambo hili husimuliwa kwa kicheko. Lingeweza kusomwa pia kama njia ya dola ya kulijibu swali la mwaka 1968 bila ya kulijibu: kitabu kilisifiwa kwa ushairi wake, na kijikaratasi kikabaki kuwa hatia. Vitabu vya shule vimeendeleza kazi hiyo. Mwanafunzi huulizwa ataje tamathali za usemi katika "Siwati", aeleze muundo wa vina, na abainishe mamba anaashiria nani, na jibu linalokubaliwa ni viongozi wabaya, bila ya majina wala miaka. Mwalimu anayetaka kufundisha shairi hilo kama lilivyoandikwa itambidi awe na kijikaratasi na diwani mezani kwa pamoja, na aanze na kile kifupi.